Namna ya Kusoma Matokeo ya Skuli Pamoja na Hali ya Wanafunzi Wake

Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya Kidato cha Nne, wazazi wengi wa Unguja na Pemba huangalia asilimia ya ufaulu peke yake, wakaisifu skuli hii na kuilaumu ile. Hukumu hiyo mara nyingi huwaonea walimu, na huwaonea zaidi watoto.

Anza na jedwali la divisheni, ambalo huwatenganisha wasichana na wavulana. Pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi mwanafunzi hujumlishwa, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5: 7 hadi 17 ni Divisheni ya Kwanza, 18 hadi 21 ya Pili, 22 hadi 25 ya Tatu, 26 hadi 33 ya Nne, na 34 au 35 ni sifuri. Kwa kuwa Divisheni ya Nne nayo huhesabiwa kuwa ni ufaulu, skuli inaweza kutangaza asilimia kubwa ilhali wachache tu ndio wenye matumaini ya Kidato cha Tano; kwa hiyo hesabu Divisheni ya Kwanza hadi ya Tatu kando.

Kisha mwombe mwalimu mkuu, kupitia kamati ya skuli, idadi ya walioandikishwa darasa hilohilo lilipokuwa Kidato cha Kwanza. Usiombe majina. Tuseme skuli moja imefanyisha mtihani wanafunzi 40 na wamefaulu 36, yaani asilimia 90, na nyengine imefanyisha 120 wakafaulu 84, asilimia 70. Ikiwa ya kwanza ilianza na wanafunzi 90 na ya pili 130, basi waliofikishwa kwenye ufaulu ni asilimia 40 kule na karibu 65 huku. Wale 50 wa skuli ya kwanza wako wapi? Huenda wamehama, wameolewa, au wamekwama Kidato cha Pili, na kila sababu ina dawa yake.

Skuli za michepuo, zinazochagua wanafunzi kwa alama, usizilinganishe na skuli inayopokea watoto wote wa shehia.

Baada ya hapo wagawe wanafunzi kwa jinsia, masafa wanayotembea, mkondo wa asubuhi au wa mchana, na mahitaji maalumu. Kundi likiwa na watoto watano, mmoja tu ni asilimia 20, hivyo andika idadi badala ya asilimia. Kwa maoni yangu, hakuna karatasi yenye faida kuliko rejista ya mahudhurio: kwa Pemba, iweke sambamba na msimu wa karafuu na miezi ya dago (kambi za wavuvi), uone ni nani hukosekana na kwa wiki ngapi, kisha uipeleke hesabu hiyo kwenye kikao cha kamati kabla ya msimu unaofuata, wazazi wa watoto hao wakiwa wamealikwa.