Kupatanisha udi na akodioni kwenye taarab: noti ya tatu ya Rast na sikio linaloisikia

Akodioni imegawa oktava katika vipande 12 vilivyo sawa, kila kimoja senti 100 za sauti, na mpigaji hawezi kuvisogeza. Udi na fidla hazina vigawanyo shingoni, kwa hiyo kidole kinaweza kukaa popote. Maqam (mpangilio wa noti wa Kiarabu) ya Rast inayoanzia C inataka noti ya tatu iliyo kati ya E bemoli (E iliyoshushwa senti 100) na E, ambayo Waarabu huiita sika. Utamu wa Rast uko hapo, na akodioni haina noti hiyo. Hatua zifuatazo ni za kundi lenye ala zote mbili.

1. Chukua kipimo kutoka kwa akodioni

Usianze na simu. Bonyeza A ya juu ya C ya kati, ukitumia rejista ya ulimi mmoja (ulimi ni kibati kinachotetema ndani na kutoa sauti). Rejista ya ndimi mbili haifai kwa kazi hii, kwa sababu mtengenezaji amezitofautisha kidogo makusudi ili sauti itetemeke, na sindano ya programu ya simu ya kupimia sauti haitatulia. Vuta mvukuto kwa nguvu ya wastani, maana ukikandamiza sana sauti hushuka. Ikisoma 440 Hz (mitetemo kwa sekunde), sawa. Ikisoma 443, weka programu ya simu kwenye 443 na kila ala ifuate. Akodioni haityuniwi jukwaani.

2. Funga udi kuanzia G

Mfungo, yaani mpangilio wa sauti za nyuzi, tunaoutumia hapa, kutoka nene hadi nyembamba, ni C F A D G C: uzi mmoja wa besi na jozi tano. Wengi huanzia C nyembamba na kuteremka. Sisi tunaanzia G ya akodioni kwa sababu iko katikati ya mnyororo wa noti nne, A-D-G-C-F. Kutoka hapo panda hadi C, kisha teremka hadi D, halafu A, kila umbali ukiwa wa noti nne. Piga nyuzi mbili pamoja na usikilize mawimbi, yaani ule mdundo wa wa-wa-wa. Kaza au legeza hadi mdundo upungue mwendo na kutoweka. C ya besi ipate kwa oktava mbili chini ya C nyembamba, kisha F kutoka kwa C hiyo ya besi.

Ukifanya hivi hakuna uzi utakaoachana na akodioni kwa zaidi ya senti 4. Ukianzia C nyembamba, A itafika senti 6 juu.

Sasa piga F na A pamoja. Hazitatulia, na hapo ndipo wanafunzi wengi huharibu kazi: wanashusha A ili ipendeze na F, kisha wanashangaa A na D zimeanza kuyumba. Umbali kati ya F na A uliotokana na noti nne safi ni senti 408, na sikio linapenda 386. Hizo 22 hazina mahali pa kwenda. Ziache.

3. Tafuta sika

Kwa udi ambao urefu wa uzi unaolia ni sentimita 60, pima kwenye uzi wa D kuanzia pale uzi unapoingia shingoni kutoka upande wa vigingi. E bemoli iko sentimita 3.4, E iko 6.5, na sika iko karibu na 5.0. Milimita moja hapo ni kama senti 3, kwa hiyo mviringo tu wa ncha ya kidole unatosha kukupotosha.

Sentimita 5.0 ni mahali pa kuanzia tu. Katika Rast isogeze juu kidogo. Katika Bayati ya D, maqam nyingine, noti hiyohiyo ishushe kidogo. Anayeibandika katikati kamili kwa kufuata programu hupata noti iliyo sahihi kwa hesabu na baridi masikioni. Muache msaidizi ashikilie C kwa fidla, nawe uimbe C, D, sika, F kabla kidole hakijagusa uzi. Sauti ya mtu huipata haraka kuliko mkono.

4. Nyamazisha akodioni inapostahili

Katika Rast ya C, akodioni ipige C, D, F, G na A, iache noti ya tatu na ya saba. Sika kwa kipimo cha 440 ni kama 320 Hz, na E ya akodioni ni 329.6. Zikilia pamoja zinagongana zaidi ya mara 9 kwa sekunde, na msikilizaji husikia mkwaruzo bila kujua unatoka wapi. Katika Nahawandi na Ajam, maqam zisizo na noti za katikati kama sika, iachie ipige yote. Kinanda cha umeme chenye uwezo wa kurekebisha noti moja moja kinaweza kushushwa E na B kwa senti 50, lakini kumbuka kuzirudisha kabla ya wimbo unaofuata.

5. Mwenye sikio la kutaja noti

Kuna watu husikia noti moja na kuitaja papo hapo bila kupewa nyingine ya kulinganishia. Mtu huyo akiwa amelelewa kwenye piano, sika humfikia kama E iliyoharibika, na kundi lililofungwa 444 humwasha kwa sababu kila kitu kiko senti 16 juu ya anachokumbuka. Hajakosea, na ala nazo hazijakosea. Usizifunge upya kwa ajili yake. Mpe C ndefu isiyokatika kwa dakika 10, aimbe sika juu yake bila kutaja jina la noti, na ahesabu tu: moja, mbili, tatu. Akianza kuipima dhidi ya C badala ya kumbukumbu, utamu hufunguka.

6. Ganuni mwishoni

Ganuni ni ala bapa ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani; miguu ya daraja lake hukaa juu ya ngozi ya samaki. Hewa ya pwani yenye unyevu huilegeza, daraja hushuka na sauti nayo. Ukikaza nyuzi za upande mmoja, ngozi huinama na upande wa pili huteremka. Kwa hiyo pitia nyuzi zote mara mbili, mahali penyewe patakapopigwa, na uanze mapema: nyuzi zinaweza kuzidi 70.