Kupanga herufi zilizochorwa mojamoja zikae kwenye mstari mmoja

Skripti inayochora kila herufi peke yake, ili kila moja ipewe rangi au kivuli chake, mara nyingi huharibika mahali palepale: herufi hupangwa kwa kufuata kingo za picha zao. Chukua neno "nyoka". Herufi k ina shingo ndefu, na y ina mkia. Ukilinganisha kingo za juu, k itashuka chini ya nyingine, na ukilinganisha kingo za chini, y itapanda juu. Kinachopaswa kulingana ni mstari wa msingi, yaani ule usioonekana ambao n, o, k na a huukalia, na mkia wa y huuvuka.

Katika Pillow, maktaba ya kushughulikia picha ya lugha ya programu ya Python, kuanzia toleo la 8.0.0 la mwaka 2020, amri ya text hupokea kigezo anchor="ls", ambacho huifanya nukta uliyoitaja iwe kushoto mwa herufi, juu ya mstari wa msingi, hivyo namba ya nafasi ya wima haibadiliki kwa neno zima. Ikiwa kila herufi ina picha yake, zipe zote kimo kimoja, ambacho ni jumla ya namba mbili zinazorudishwa na amri ya fonti getmetrics (kimo juu ya mstari wa msingi na kina chini yake), wala usikate sehemu tupu za juu na chini kabla ya kuzipanga, maana ukishazikata hujui tena mstari ulipita wapi.

Mlalo ndio wenye mitego zaidi. Hatua ya kusogea kutoka herufi moja hadi inayofuata ipimwe kwa getlength, amri ya fonti inayorudisha urefu wa hatua hiyo, si kwa upana wa wino wenyewe, yaani sehemu iliyochorwa, kwa sababu wino hauhesabu nafasi ambayo mbunifu wa fonti aliiacha pembeni. Jumlisha pamoja na desimali zake: ukiifanya 14.4 kuwa 14 kila hatua, baada ya herufi 20 umepoteza pikseli 8. Tena, ziko jozi za herufi zinazosogeleana, kama A na V. Hapo hatua ya A ni getlength("AV") ukitoa getlength("V").

Kukagua, chora neno zima kwa amri moja kwa rangi nyekundu, kisha juu yake herufi mojamoja kwa nyeusi. Wekundu ukizidi utando mwembamba wa kingoni, rudi kwenye hesabu ya herufi iliyotangulia hapo.