GET sio "kupata" tu, angalia neno linalofuata

Habari za saa hizi wakuu. Leo nataka tukae na hiki kitenzi "get" mpaka kieleweke, maana kila siku naona watu wanakwama nacho na sio kwamba hawajasoma, ni kwamba wengi tulifundishwa get ni kupata tukaishia hapohapo. Juzikati nilikuwa na kijana namfundisha, sentensi ilikuwa "Get well soon", akafungua kamusi kwa bidii kabisa: get akaandika pata, well akaandika kisima, soon akaandika karibuni. "Pata kisima karibuni." Akaniangalia, na yeye mwenyewe anaona haijakaa sawa ila hajui kosa liko wapi. Na kamusi haikumdanganya, kila neno limo mle. Sisi tungesema ugua pole, basi.

Kwa hiyo ukikutana na get usikimbilie kuitafsiri. Ifunike na kidole, soma kinachofuata kwanza, hicho ndo kitakwambia maana.

Hatua ya 1: kimefuata kitu? Basi ni kupata, kupokea au kwenda kuchukua. "I got a letter", nilipata barua. "Get me some water", niletee maji. Hapa hapana shida, tusonge.

Hatua ya 2: pamefuata mahali? Ni kufika. "We got to London at six", tulifika London saa kumi na mbili (na hiyo saa nayo muiangalie, ni mtego mwingine). Mahali panatanguliwa na "to", ila home, here na there haziitaki kabisa. Sema "I got home", usiseme "I got to home".

Hatua ya 3: imefuata sifa? Hapa ndo penyewe, tulieni. Kiswahili mabadiliko tumeyaweka ndani ya kitenzi chenyewe, tunasema kuchoka, kukasirika, kuzeeka, kulowa, kupona, neno moja limemaliza kazi. Mwingereza yeye mara nyingi ana sifa tu, tired, angry, old, wet, well, sasa anahitaji kitu cha kumtoa hali moja kumpeleka nyingine na kitu hicho ndo get. Ndo maana "I am tired" ni nimechoka, tayari uko kwenye uchovu, lakini "I am getting tired" ni naanza kuchoka, uchovu ndo unaingia. "It's getting dark", giza linaingia. Ukishaelewa hii utaona sentensi nyingi za get zilizokuwa zinakutesa zinafunguka zenyewe. Get lost ni kupotea, get married ni kuoa au kuolewa, wao hawatenganishi kama sisi, mwanamume na mwanamke wote ni "got married". Na ukitaja mwenzi weka "to", sio "with": "She got married to a teacher".

Hatua ya 4: vimefuata vijineno kama up, on, off? Hivi kariri tu. Get up ni kuamka au kuinuka. Kupanda basi, treni na ndege ni get on, kushuka ni get off, gari dogo ni get in na get out of. Chombo ambacho unaweza kusimama na kutembea ndani yake kwa kawaida ni on, na baiskeli na farasi pia ni on kwa sababu unakaa juu yake.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, naweza kusema "My brother got a doctor" nikimaanisha amekuwa daktari?
Jibu: Hapana ndugu yangu, hapo umesema amepata daktari wa kumtibu. Rudi hatua ya 1, doctor ni nomino. Kuwa daktari ni "became a doctor".

Swali: "I got" na "I have got" zina tofauti gani? Na hii "gotten" nayo inatoka wapi?
Jibu: "I got a book" ni nilipata kitabu, jambo limepita. "I have got a book" ni nina kitabu, kiko kwangu sasa hivi. Gotten ni ya Marekani zaidi, Uingereza wanasema got tu. Mmarekani akisema "I've gotten a book" anamaanisha amekipata, sio anacho.

Swali: Mkuu simu yangu aliitengeneza fundi, nikiandika "I fixed my phone" ni kosa?
Jibu: Sarufi iko sawa ila umejipa ufundi dada, umesema umeitengeneza kwa mkono wako. Sema "I got my phone fixed", yaani niliitengenezesha. Hiyo "-esha" yetu ndo get yao hapo. Nywele vilevile, "I got my hair cut" ni nimenyolewa, ukisema "I cut my hair" mtu anaweza kuelewa mkasi uliushika wewe mwenyewe.