Somo: Matokeo yapite 1, makosa yapite 2

Assalam alaikum wanakundi. Swali la "mbona CSV yangu (faili ya data iliyotenganishwa kwa koma) ina maneno ya makosa katikati?" limejibiwa humu mara nyingi mno. Naliandikia somo, na atakayeuliza tena ataelekezwa hapa.

Kila programu huanza na milango mitatu: 0 wa kuingiza, 1 wa matokeo, 2 wa makosa na taarifa. Kwenye terminali, 1 na 2 huonekana pamoja, ndiyo maana wengi hudhani ni kitu kimoja. Kipimo changu ni hiki: kitakachosomwa na programu inayofuata kipite 1, kitakachosomwa na mtu kipite 2. Hata "nimeanza kusoma faili" hupita 2, ingawa si kosa.

Mfano wetu ni mizani.csv: jina la samaki, koma, kilo.

Hatua ya 1. Andika pima.sh:

```
#!/bin/bash
n=0
while IFS=, read -r samaki kilo; do
  n=$((n+1))
  if [[ $kilo =~ ^[0-9]+(\.[0-9]+)?$ ]]; then
    echo "$samaki,$kilo"
  else
    echo "pima: mstari $n: kilo si nambari: $kilo" >&2
  fi
done < mizani.csv
```

Ujumbe uanze na jina la programu na utaje mstari. Skripti tano zikiandika logi moja, bila jina hutajua nani analalamika.

Hatua ya 2. Iruhusu iendeshwe: `chmod +x pima.sh`

Hatua ya 3. Peleka 1 faili moja (`>`) na 2 faili nyingine (`2>`): `./pima.sh > safi.csv 2> makosa.txt`

Hatua ya 4. Ukitaka vyote viwili faili moja. Hapa ndipo watu huharibu, someni taratibu. Sahihi ni:

`./pima.sh > yote.txt 2>&1`

Sheli, yaani programu inayopokea amri zako, husoma kutoka kushoto kwenda kulia. `2>&1` maana yake "2 iende pale 1 inapoelekea *sasa hivi*". Ukigeuza ukaandika `2>&1 > yote.txt`, wakati 2 inaelekezwa, 1 bado iko kwenye terminali. Basi 2 itabaki kwenye terminali na 1 peke yake itaingia faili.

Tahadhari:
– `2>1` bila `&` hutengeneza faili iitwayo 1. Ukiiona kwenye folda yako, umeshajua ilikotoka.
– Usiandike `> yote.txt 2> yote.txt`. Faili hufunguliwa mara mbili, kila mlango una nafasi yake ya kuandikia, na maandishi hufutana.
– `&>`, kifupisho cha amri ya Hatua ya 4, ni ya sheli ya bash. Kwenye Debian na Ubuntu, `sh` ni dash, sheli nyingine, nayo huielewa vingine: huipeleka amri nyuma, kisha huacha faili tupu. Cron, inayoendesha amri kwa ratiba, hutumia `sh` usipoiambia vingine, kwa hiyo mule andika ile ndefu.

Hatua ya 5. Hakikisha: `./pima.sh 2>/dev/null`. `/dev/null` hutupa kila kinachoingia. Ukiona lalamiko lolote, kuna `>&2` umeisahau.

MASWALI

Wa Mokowe: Haifanyi kazi, nisaidie.

Jibu: Haifanyi nini? Bandika amri uliyoandika na kilichotokea.

Wa Mokowe: Nimeandika 2>&1 > yote.txt

Jibu: Hatua ya 4.

Wa Langoni: Si bora kutupa 2 yote /dev/null tumalize?

Jibu: Hapana. Kilo zikikataliwa utapata jumla pungufu, na hutajua kwa nini. Hatua ya 5 ni ya kukagua tu.

Wa Shela: Mwalimu, samahani. Skripti yangu ya Python kwenye terminali inatoa ujumbe kwa mpangilio, lakini nikipeleka vyote faili moja, makosa yanatangulia. Kwa nini?

Jibu: Swali zuri sana, dada yangu. Mlango 1 ukielekea terminali, maandishi hutoka mstari kwa mstari. Ukielekea faili au paipu (`|`, inayopeleka matokeo kwa programu inayofuata), hukusanywa kwanza kwenye bafa na kutolewa kwa mkupuo. Mlango 2 haungoji hivyo, ndiyo maana unatangulia. Tumia `python3 -u`. Programu za C zinazotegemea bafa ya kawaida, jaribu `stdbuf -oL` mbele yake. Na ukitaka kuchuja makosa peke yake kwa grep, ule mpangilio wa kinyume una kazi yake: `./pima.sh 2>&1 >/dev/null | grep kilo`.

Wa Malindi: Curl, ile ya kupakua faili mtandaoni, nikielekeza kwenye faili inajaza logi yangu ya makosa kwa jedwali la maendeleo.

Jibu: Jedwali hilo hupita 2, na hapo ndipo mahali pake. Weka `-sS`: s hunyamazisha, S hurudisha makosa ya kweli.

Wa Matondoni: Makosa.txt ikiwa tupu, nimefaulu?

Jibu: Si lazima. Angalia `$?`, nambari inayoachwa na amri ikimaliza: 0 ndiyo kufaulu. Kwenye paipu utapewa ya amri ya mwisho tu, kwa hiyo katika bash tanguliza `set -o pipefail`.

Wa Mkomani: Kaka, mistari yangu yote imeingia makosa.txt na kilo naziona ni nambari safi kabisa. Faili imetoka Excel.

Jibu: Tazama `head mizani.csv | cat -A`. Ukiona `^M$` mwishoni, ni alama ya mwisho wa mstari ya Windows. Iondoe: `tr -d '\r' < mizani.csv > mizani2.csv`, kisha badilisha jina la faili kwenye skripti. Usielekeze kwenye mizani.csv ileile, kwani sheli itaimwaga kabla `tr` haijasoma. Na mstari wa mwisho usipofungwa kwa Enter, `read` itauruka kimya kimya, hata 2 haitasema kitu.

Wa Mkomani: Shukran, ilikuwa ^M. Na samaki wa mwisho kweli hakuwemo.