Mtoto akitoka mazoezini, usianze na "mmeshinda?"
Nimelijua hili juzi tu, mwanangu akifungua kamba za viatu mlangoni. Badala ya "mmeshinda?" nikamuuliza, "Leo ulikuwa na nani?" Akaongea mpaka soksi ya pili akaisahau mguuni. Swali la ushindi hujibiwa kwa neno moja, tena mtoto anajiona anapimwa. Hili la wenzake linakuonyesha kama ana rafiki pale au anakaa pembeni, na mara nyingi hilo ndilo humfanya atake kurudi wiki ijayo au aanze kusingizia tumbo. Iwe mpira, kwaya au kuogelea. Akiwa na njaa au amechoka sana halifui dafu, mpe chakula kwanza. Na akijibu "peke yangu" mara tatu mfululizo, acha maswali, kaongee na kocha.