Somo: Kukata bima ya ukumbi wa kupanda kuta nchini Kenya, hatua kwa hatua

Somo hili ni la mwenye ukumbi wa kupanda kuta za ndani nchini Kenya, au anayekusudia kuufungua. Wapandaji wetu wameizoea miamba ya Lukenya na Hell's Gate kwa miaka mingi, lakini ukumbi ni jambo jingine. Anayekwea mwamba huenda na mwenzake anayemwamini, ilhali ukumbini mtu aliyefundishwa kushika kamba kwa nusu saa tu hushikilia uhai wa mtu waliyejuana naye langoni. Kampuni nyingi za bima hazijawahi kuiona biashara ya namna hii, na ugumu wa kazi yetu unaanzia hapo.

Hatua ya 1: Ieleze biashara yako kwa maandishi

Kabla ya kuuliza bei, andika kila jambo linalofanyika ukumbini: kupanda kwa kamba iliyofungwa juu, kupanda ukivuta kamba mwenyewe kutoka chini, kupanda kuta fupi bila kamba juu ya magodoro, mashine zinazojishikia kamba, sherehe za watoto, ziara za shule, mkahawa, hata viatu vya kukodisha. Taja urefu wa kila ukuta na nani aliyeujenga. Ikiwa ukuta ulijengwa kwa kufuata kiwango cha Ulaya cha EN 12572, ambacho kina sehemu yake ya kuta za kamba, ya kuta fupi na ya vishikio, ambatanisha cheti chake pamoja na ripoti ya mhandisi.

Bima husimama juu ya msingi wa uaminifu kamili. Ukificha jambo ambalo lingeibadilisha ada au kumfanya mwenye kampuni akatae, anaweza kuukana mkataba siku ya madai, hata kama umelipa ada miaka mitano mfululizo. Kwa maoni yangu, neno «jimu» lisiandikwe peke yake kwenye fomu. Anayelisoma anawaza vyuma na mashine za kukimbilia, nawe utalipishwa ada ya vyuma na kukataliwa fidia ya kamba.

Hatua ya 2: Bima ya dhima kwa umma

Hii ndiyo hulipa pale mteja anapoumia na ukapatikana na hatia ya uzembe, na ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Ukipewa rasimu, anza na ukurasa wa mambo yasiyolipiwa. Mikataba mingi ya kawaida, hasa ile ya ajali binafsi, huondoa «kupanda milima kunakohitaji kamba au kiongozi», na maneno hayo yakihamishiwa kwenye mkataba wako bila mtu kuyatazama, utakuwa umenunua mwavuli usiofunguka wakati wa mvua. Dai kupanda kwa kamba na bila kamba kutajwe waziwazi katika maelezo ya biashara, na kifungu kile kifutwe kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ya wakala haitoshi.

Kisha uliza mambo haya. Je, mteja akiangushwa na mteja mwenzake aliyeshika kamba vibaya, bima inakulinda ukishtakiwa kwamba hukumpima? Je, kosa la mwalimu katika kufundisha limo, au linahitaji bima ya dhima ya kitaaluma? Kikomo cha fidia ni cha kila tukio au cha mwaka mzima? Gharama za wakili zinatolewa ndani ya kikomo hicho au juu yake? Na wewe mwenyewe utabeba kiasi gani cha kwanza katika kila dai?

Hatua ya 3: Wafanyakazi

Hapa hakuna hiari. Sheria ya mafao ya majeraha kazini ya 2007, ambayo wengi tunaiita WIBA, inamtaka kila mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Mfanyakazi akipata ulemavu wa kudumu wa asilimia 100, fidia ni mapato ya miezi 96. Hesabu hiyo hufuata mshahara, hivyo ukitangaza mishahara midogo ili upunguze ada, unalichimbia shimo duka lako mwenyewe.

Hatua ya 4: Mali

Kata bima ya moto na ya wizi kwa thamani kamili ya kubadilisha vitu. Tuseme kuta, magodoro na vifaa vina thamani ya shilingi milioni 10 nawe umeviwekea bima ya milioni 6. Moto ukiunguza vya milioni 2, kwa kanuni ya wastani, yaani unalipwa kwa uwiano wa bima uliyokata na thamani halisi, utalipwa milioni 1.2 tu. Uharibifu wa vurugu za kisiasa kwa kawaida huhitaji nyongeza yake, jambo ambalo wenye maduka katikati ya Nairobi wana sababu ya kulikumbuka tangu Juni 2024.

Hatua ya 5: Malipo

Hakikisha kampuni na wakala wana leseni ya mwaka huu kutoka kwa mamlaka ya kudhibiti bima, IRA. Juu ya ada utatozwa asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa fidia kwa wenye bima, na ushuru wa stempu wa shilingi 40. Sheria hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea ada, kwa hiyo hati iliyochapishwa ilhali ada haijafika haina thamani. Usiyeweza kulipa kwa mkupuo, kuna benki zinazokulipia nawe ukarejesha kidogo kidogo.

Hatua ya 6: Daftari

Kila asubuhi kagua kamba, mikanda na vishikio, uandike tarehe na utie sahihi. Weka rekodi za majaribio ya washika kamba na za huduma ya mashine kama mtengenezaji anavyoagiza. Madai ya majeraha yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 3, na kufikia hapo mfanyakazi aliyekuwapo siku ile huenda amekwisha kuhama.

Maswali ya wanachama

Swali: Wateja wangu wote hutia sahihi fomu ya kukubali hatari. Bado nahitaji bima?

Jibu: Ndiyo, ndugu. Sheria ya dhima ya mwenye jengo, sura ya 34, inakutaka umtunze mgeni kwa uangalifu unaofaa, na onyo peke yake halikuondolei dhima ila likiwa limemwezesha mgeni kuwa salama. Sheria hiyo pia inakutaka utarajie watoto wawe na hadhari ndogo kuliko watu wazima. Fomu ni ushahidi kwamba ulimweleza mteja, basi itunze kwa ajili hiyo.

Swali: Fundi anayetupangia vishikio huja mara mbili kwa mwezi na si mwajiriwa. Akianguka?

Jibu: Jina mliloupa mkataba halimalizi mjadala, kwa kuwa mahakama hutazama uhusiano wenyewe wa kazi. Mwombe hati ya bima yake mwenyewe. Asipokuwa nayo, mtangaze kwenye bima yako na malipo yake ya mwaka, naye apande akiwa amejifunga kama mwajiriwa yeyote.

Swali: Niko Arusha, mwalimu. Hatua ya 3 inanihusu?

Jibu: Si kwa namna hiyo, dada. Tanzania Bara mwajiri huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, badala ya kununua bima hiyo kwenye kampuni. Msimamizi wa kampuni za bima huko ni TIRA. Hatua ya 2 unaihitaji vilevile, kwani mfuko huo haumlipi mteja.

Swali: Mteja amevunjika mguu jana. Nimwombe radhi na kumlipia hospitali?

Jibu: Mpole pole, mhudumie, mfikishe hospitali. Usikiri kosa wala usiahidi malipo kwa maandishi kabla ya kuijulisha kampuni, kwa sababu mikataba mingi inakataza. Toa taarifa leo hii hata kama mteja hajadai kitu. Ile kamba, mkanda na karabina (pingu ya chuma ya kufungia kamba) aliyotumia usivioshe wala usivirudishe kazini. Vifungie mahali pamoja, viandikie tarehe, na ufunguo akae nao mtu mmoja.