Kupima eneo la slabu ya duara: hangaika na futikamba, pai iache

Jirani yangu alikubaliana na fundi wa niru (saruji laini ya kumalizia) kulipana kwa skwea mita. Slabu ya simtanki ni ya duara, hesabu zao zikapishana, na wakaishia kubishana kama pai (ile namba ya kuzidishia kwenye hesabu za duara) ni 22/7 au 3.14. Tuliipima upya pamoja, hivi:

Hatua ya 1: Kadiria kabla ya kupiga hesabu

Fikiria mraba unaolibana duara pande zote nne. Slabu ya kipenyo cha mita 2.1 inabanwa na mraba wa 2.1 × 2.1 = 4.41. Duara hula robo tatu ya mraba huo na ziada kidogo, kwa hiyo tarajia kupita 3.3 kidogo. Jibu lako likizidi 4.41, umekosea tu, na mara nyingi ni kwa sababu umetumia kipenyo kizima badala ya nusu yake.

Hatua ya 2: Kipenyo

Kazi yote iko hapa. Ukikosea kipenyo kwa sentimita 5, ukasoma 2.05 badala ya 2.10, eneo linapungua kwa mita za mraba 0.16, karibu kigae kizima cha sentimita 40 kwa 40. Ukitumia 3.14 badala ya 22/7 kwenye slabu hiyohiyo, tofauti haifiki hata eneo la kiganja. Sasa amua mwenyewe cha kugombania.

Tumia futikamba ya chuma. Ile ya kitambaa ya fundi cherehani iache nyumbani, inavutika. Kama ncha ya futikamba imeliwa au imepinda, anzia kwenye alama ya sentimita 10, halafu toa 10 kwenye ulichosoma. (Watu husahau kutoa. Andika "toa 10" kabla hujaanza kupima.)

Katikati ya slabu usipatafute kwa macho. Mwenzako ashike sifuri ukingoni, wewe zungusha upande wa pili polepole ukisoma namba. Itapanda, itafika kilele, itaanza kushuka. Kile kilele ndicho kipenyo. Ukipita pembeni ya kitovu kwa sentimita 10 kwenye slabu hii, unapoteza kama sentimita moja tu, kwa hiyo usitetemeke.

Rudia ukianzia sehemu nyingine za ukingo. Vipenyo vikitofautiana sana, mathalani 2.20 upande mmoja na 2.00 upande unaoukata mkingamo, basi hilo si duara bali yai. Zidisha kirefu kwa kifupi, kisha mara 11, gawanya kwa 14 (yaani robo ya 22/7): 2.20 × 2.00 × 11 ÷ 14 = 3.46. Wengine hupendelea kuchora miraba midogo na kuihesabu mmoja mmoja. Kwa slabu ya mviringo naona ni adhabu; ihifadhi kwa umbo lililopindapinda ovyo.

Hatua ya 3: Hesabu

Nusu ya 2.10 ni 1.05. Zidisha kwa yenyewe kwanza: 1.1025. Kisha mara 22, gawanya kwa 7. Unapata 3.465.

Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alishaonyesha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba pai ni pungufu kidogo ya 22/7. Kwa niru, 22/7 inatosha.

Hatua ya 4: Hakiki kwa mzingo

Zungushia ukingo waya wa kufungia nondo, weka alama panapokutana, unyooshe uupime. Kamba ya nailoni hapana, inanyumbuka. Mzingo ukiwa 6.60, zidisha kwa wenyewe (43.56), mara 7, gawanya kwa 88: 3.465 tena. Majibu yakiachana sana, rudi hatua ya 2.

Na kama simtanki limeshakalishwa juu ya slabu na limejaa maji, hatua ya 2 haiwezekani. Anzia hapahapa kwenye waya.